Modemu za Hayes, kutoka 80-103A hadi Smartmodem: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiweka mezani kile kisanduku chembamba cha alumini chenye safu ya taa nyekundu usoni, maswali ni yale yale. Nimeamua kuyaandika mara moja pamoja na majibu yake. Yanahusu modemu za D.C. Hayes, kuanzia kadi ya 80-103A ya mwaka 1977 hadi Smartmodem ya 1981. Hizi ni modemu zilizotengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakijiundia kompyuta nyumbani, si kwa ajili ya mabenki wala majeshi. Kama umeshainunua moja na unawashwa na mikono, nenda moja kwa moja swali la 18, halafu urudi huku juu ukitulia.

## Mambo ya msingi

1. Modemu inafanya kazi gani hasa?

Laini ya simu ya mezani ilijengwa ipitishe sauti ya mtu, yaani masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Kompyuta haina sauti. Inajua moja na sifuri tu, umeme upo au haupo. Modemu inaigeuza moja kuwa mluzi fulani na sifuri kuwa mluzi mwingine, inaupuliza kwenye laini, na modemu ya upande wa pili inausikiliza na kuugeuza tena kuwa moja na sifuri. Basi. Mengine yote yaliyo humu chini ni namna ya kufanya kazi hiyo bila kukosea na bila kumsumbua mtu.

2. Kabla ya Hayes, watu walikuwa wakitumia nini?

Walikuwa na vikombe vya mpira. Unapiga namba kwa kidole, unasikiliza mpaka upande wa pili upige mluzi, kisha unaulaza mkonga wa simu juu ya kisanduku chenye vikombe viwili. Kimoja kina spika ndogo inayoongea na kipaza sauti cha mkonga, kingine kina maikrofoni inayosikiliza upande wa sikio. Hakuna waya unaogusa laini ya simu, sauti tu inavuka kipande kidogo cha hewa. Mtu akibamiza mlango, herufi za ajabu zinajitokeza kwenye skrini. Mkonga wako usipokuwa wa lile umbo la simu za kawaida za Marekani, hauingii kwenye vikombe.

Sababu ya mzunguko huu wote ilikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya kiufundi. Kwa miaka mingi kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T haikuruhusu mteja aunganishe kwenye laini kifaa kisicho chake. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kesi ya Carterfone na kuufungua mlango, lakini kampuni ikaendelea kudai kwamba kifaa cha mgeni kipitie kwanza kisanduku chake cha kinga, ambacho ulikilipia. Sauti ya hewani haikuwa kifaa kilichounganishwa, kwa hiyo vikombe vikapita.

Kwa wapenzi wa kompyuta, modemu ya aina hii iliyopata jina zaidi ilikuwa Pennywhistle 103 ya mwaka 1976, iliyobuniwa na Lee Felsenstein wa California. Iliuzwa vipande vipande, ukaiunganisha mwenyewe kwa chuma cha kulehemu.

3. Hayes ni nani?

Dennis Hayes alikuwa kijana wa Atlanta, Georgia, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya huduma za data. Kazini hapo ndipo alipokutana na Dale Heatherington, fundi wa sakiti. Mwaka 1977 wakaanza kutengeneza modemu nyumbani, wakizikusanya kwa mikono kwenye meza ya kulia chakula. Jina la Hayes ndilo lililobaki kwenye kisanduku, lakini ukiifungua Smartmodem unachokiona ni akili ya Heatherington. Naona haki yake imepunjwa kidogo na historia.

4. Kadi ya 80-103A ilikuwa na jipya gani? Si Bell 103 ile ile?

Mluzi ni ule ule. Kanuni ya Bell 103 ilitolewa na AT&T mwaka 1962, na kadi ya Hayes iliifuata bila kubadili kitu: biti 300 kwa sekunde, basi. Anayetafuta upya kwenye kasi hataupata.

Upya ulikuwa mkono wa mtu kutoka kwenye simu. Kadi ilikuwa na rilei ndogo iliyoweza kukata na kuunganisha laini mara kumi kwa sekunde, sawasawa na inavyofanya simu ya kuzungusha kidole: namba 4 ni mikato minne, sifuri ni mikato kumi. Programu ikiiamuru rilei icheze hivyo, kompyuta imepiga simu yenyewe. Tena kadi iliweza kutambua simu inapoita, ikainua laini, ikapuliza mluzi wa kupokea. Mwenye nyumba amelala, kompyuta inakaribisha wageni.

Vikombe vya mpira visingeweza hilo hata vingepewa kasi mara kumi, maana lazima awepo mtu wa kuunyanyua mkonga. Ndiyo maana mimi nikiulizwa ni modemu gani ya nyumbani iliyobadilisha mambo, naitaja hii kadi isiyo na sura kabla ya Smartmodem yenyewe. Matokeo yake yako swali la 14.

5. Iliingia kwenye kompyuta gani?

80-103A ilikuwa ya kompyuta zenye matundu ya S-100, yale ya pini 100 yaliyoanza na Altair 8800 ya mwaka 1975 na kuigwa na IMSAI na wengine wengi. Ilichomekwa ndani kabisa, pembeni ya kadi za kumbukumbu.

Apple II ilipoenea, Hayes wakatoa Micromodem II mwaka 1979. Hii ilikuwa kadi ya ndani pamoja na kisanduku kidogo cha nje kiitwacho Microcoupler, kilichosajiliwa FCC, kwa hiyo ulichomeka moja kwa moja ukutani bila kumlipa mtu kodi ya kisanduku cha kinga. Kompyuta nyingine zilibaki nje mpaka Smartmodem ilipokuja, kwa sababu kila aina ilikuwa na matundu yake na kadi ya Apple haiingii kwenye kompyuta ya TRS-80. Jibu la tatizo hilo lipo swali la 9.

## Kasi na sauti

6. Biti 300 kwa sekunde ni polepole kiasi gani?

Herufi moja ilisafiri na biti kumi: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe, moja ya kumalizia. Gawanya 300 kwa 10, unapata herufi 30 kwa sekunde. Mtu msomaji anakwenda karibu na mwendo huo, kwa hiyo barua ilisomeka jinsi ilivyokuwa ikijiandika, na wengi walioionja wanasema haikuwakera.

Kero ilianza kwenye skrini nzima na kwenye mafaili. Skrini ya Apple II ilikuwa na herufi 40 kwa mistari 24, yaani 960; kuijaza ni sekunde 32. Programu ya kilobaiti 16 ilichukua karibu dakika kumi ukihesabu na ukaguzi wa makosa, kama hakuna mtu nyumbani aliyeinua simu ya chumba kingine. Picha uliyopokea asubuhi ya leo kwenye simu yako, ya megabaiti mbili, ingehitaji zaidi ya saa 19.

7. Kwa nini wengine husema boodi 300 na wengine biti 300? Ni kitu kimoja?

Kwenye Bell 103, ndiyo. Boodi ni idadi ya mabadiliko ya mluzi kwa sekunde, na hapa kila badiliko linabeba biti moja. Kwenye modemu za Bell 212A za biti 1,200 si kitu kimoja tena: mluzi hubadilika mara 600 tu kwa sekunde, lakini kila badiliko linabeba biti mbili. Mtu akikuambia «boodi 1,200» amekosea, ila usimsahihishe mbele za watu. Hata matangazo ya biashara ya wakati ule yalikosea hivyo hivyo.

8. Je, ndizo zenye ule mlio wa kukwaruza tunaoukumbuka?

Hapana. Ule mlio wa kukwaruza, kama redio inayotafuta stesheni, ni wa modemu za miaka ya 1990, ambazo kabla ya kuanza kazi hupimana na kupima laini yenyewe. Bell 103 haina mambo hayo. Anayepokea anapuliza mluzi mmoja mwembamba wa hezi 2,225. Anayepiga akiusikia, anajibu kwa mluzi wake mzito kidogo wa hezi 1,270. Wamekutana. Baada ya hapo kila upande una jozi yake ya toni: mpigaji hutumia 1,270 kwa moja na 1,070 kwa sifuri, mpokeaji 2,225 na 2,025. Kwa kuwa jozi hazigongani, wote wawili wanaweza kuongea kwa wakati mmoja kwenye waya ule ule.

Mtu mwenye sikio zuri anaweza kuzitofautisha toni zote nne. Mimi nazisikia tatu, ya nne najifanya tu.

## Smartmodem na amri zake

9. Smartmodem ilitofautianaje na zile kadi?

Ilitoka ndani ya kompyuta, ikakaa nje, mezani. Kisanduku cha alumini kilichopimwa ili simu ikae juu yake, kebo moja ya RS-232 (kiunganishi cha kawaida cha vifaa vya nje) kwenda kwenye kompyuta, waya mmoja kwenda ukutani. RS-232 ilikuwepo tayari kwenye kompyuta nyingi au iliweza kuongezwa, kwa hiyo modemu moja ikawafaa wote. Ilitoka mwaka 1981 kwa bei ya chini ya dola 300, na mwaka uliofuata ikafuata ya biti 1,200 kwa karibu dola 700.

Lakini kuitoa nje kulileta swali gumu. Kadi ya ndani iliamriwa kupitia pini zake za pembeni. Kisanduku cha nje kina njia moja tu ya kupitisha herufi. Kitajuaje kwamba «5551234» ni namba ya kupiga na si sehemu ya barua unayoituma? Heatherington akatia ndani kompyuta ndogo, chipu ya Zilog Z8, na kuipa hali mbili. Katika hali ya amri, kila unachoandika ni agizo kwa modemu. Katika hali ya data, kila unachoandika kinapita kwenda upande wa pili bila kuguswa. Kuingia hali ya data ni rahisi: piga simu, ijibiwe. Kutoka ndiko kulikohitaji ujanja, na ujanja wenyewe uko swali la 11.

10. Kwa nini kila amri inaanza na AT?

Kwa Kiingereza ni mwanzo wa «attention», neno la kuita usikivu, kama sisi tunavyosema «Jamani!» kabla ya kutangaza jambo. Lakini herufi hizo mbili zina kazi ya pili. Modemu inapoipokea A, inapima urefu wa biti zake na kujua kompyuta inaongea kwa kasi gani. T inayofuata inaisaidia kuthibitisha biti ya ukaguzi imekaaje. Kwa hiyo hukuhitaji kuipangia kasi kwa mkono. Unaandika AT, unabonyeza kitufe cha kuingiza, inajibu OK. Usipoipata OK, tatizo liko kwenye kebo au kwenye programu yako, wala usiisingizie laini ya simu.

11. Na zile alama za jumlisha tatu, +++?

Hizo ndizo mlango wa kutokea. Ukiwa katikati ya mazungumzo na unataka kuiamuru modemu bila kukata simu, unaandika +++ na inarudi kwenye hali ya amri. Ukimaliza, ATO inakurudisha kwenye mazungumzo.

Utauliza: je, barua yenyewe ikiwa na +++ ndani yake? Hapo ndipo penye ujanja. Modemu inataka ukimya wa sekunde moja kabla ya alama hizo na sekunde moja baada yake. Faili linalomiminika halinyamazi sekunde nzima, halafu likatoa alama tatu pekee, halafu likanyamaza tena. Mtu anaweza. Hayes walipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1985 na wakawadai wenzao malipo.

Baadhi ya waigaji, kwa kukwepa malipo, wakatoa modemu zisizosubiri ukimya. Matokeo yake, ukimtumia mwenye modemu hiyo ujumbe wenye +++ATH0 na kompyuta yake ikaurudisha, modemu inajikatia simu yenyewe. Watundu walilifurahia hilo kwa miaka mingi.

12. Ni amri zipi za kujua kwanza?

ATDT na namba hupiga simu kwa toni. ATDP hupiga kwa mikato, kwa mitambo ya zamani. Mkato wa kawaida wa maandishi, yaani «,», katikati ya namba ni kusubiri sekunde mbili, unafaa pale unapobonyeza 9 kwanza kupata laini ya nje ya ofisi. ATA hupokea, ATH hukata, ATZ hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo. A/ hurudia amri ya mwisho, na hii haianzi na AT wala haihitaji kitufe cha kuingiza. Ni ya kurudia kupiga pale laini inapokuwa imeshikwa, na vidole vya wengi viliizoea kuliko nyingine zote.

Kuna pia vihifadhi vya namba vinavyoanza na S. ATS0=1 huifanya ipokee baada ya mlio mmoja, ATS0=0 huizuia isipokee kabisa. S7 ni sekunde za kusubiri mluzi wa upande wa pili; kawaida ni 30, na kwa simu za mbali watu waliiongeza.

13. Ina maana gani inapoandika NO CARRIER?

Kwamba mluzi wa upande wa pili haukusikika au umepotea. Ukiiona dakika nzima haijapita tangu upige, huenda hawakupokea, ilikuwa imeshikwa, au amepokea binadamu anayesema «haloo, haloo» kwa kompyuta yako. Modemu hizi za mwanzo hazikujua kutofautisha. Ndiyo maana spika iliyomo ndani ni muhimu: isikilize kwa sikio lako.

Ukiiona katikati ya mazungumzo yaliyokuwa yakienda vizuri, mshukiwa wa kwanza ni mtu wa nyumbani aliyeinua simu ya chumba kingine. Wa pili ni ile huduma ya kukujulisha kwamba kuna simu nyingine inasubiri: mlio wake unafunika mluzi na modemu inadhani mwenzake ameondoka. Marekani waliizima kwa kutanguliza *70 kabla ya namba.

## Walikuwa wakimpigia nani?

14. CBBS ni nini, na inahusianaje na Hayes?

Januari 1978 theluji nzito iliifunga Chicago. Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa klabu moja ya wapenzi wa kompyuta mjini humo, wakawa wamekwama kila mtu kwake. Katika simu zao likazuka wazo: ule ubao wa matangazo wa klabu, wa kadi na pini, kwa nini usiwe kompyuta ambayo mtu anaipigia? Suess akaunganisha mashine ya S-100, Christensen akaandika programu, na tarehe 16 Februari 1978 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa CBBS. Modemu ilikuwa kadi ya Hayes.

Haikuhitaji kukaa macho. Simu ikiita, modemu inatambua, kompyuta inajianzisha upya na kupakia programu kutoka kwenye diski ya flopi, kisha inamkaribisha mgeni. Anasoma matangazo, anaacha lake, anakata. Anayefuata. Mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa laini ni moja. Kabla ya kuzimwa, ilikuwa imepokea wapigaji zaidi ya 250,000. Wawili hao waliieleza kazi yao kwenye jarida la Byte la Novemba 1978, na wengine wakaanza kujenga za kwao.

15. Faili lilitumwaje bila kuharibika, kama mlango ukibamizwa tu herufi zinachafuka?

Kwa XMODEM, kazi nyingine ya Christensen, ya mwaka 1977. Faili linakatwa vipande vya baiti 128. Kila kipande kinabeba namba yake na jumla ya baiti zake. Mpokeaji anajumlisha upya. Ikilingana anasema «leta kinachofuata», isipolingana anasema «rudia». Ni hesabu ya mwenye duka anayehesabu kreti moja moja badala ya kusubiri lori zima lishushwe. Kwa biti 300, kipande kimoja kilichukua sekunde nne na nusu hivi.

Jumla ya baiti si kinga kamili, makosa mawili yanayofutana yanaweza kupita. Baadaye ikaongezwa hesabu kali zaidi.

16. Gharama ya simu haikuwaua?

Simu za mtaani Marekani mara nyingi zililipiwa kwa mwezi, uongee dakika moja au usiku kucha. Za mbali zilikuwa ghali. Ndiyo maana mbao hizi za matangazo zilikuwa za mji mmoja na watu wake walijuana. Wenye uwezo walijiunga na huduma kubwa kama CompuServe na The Source, zilizofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1979 na kutozwa kwa saa. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco akaanzisha FidoNet, mbao zinazopigiana simu zenyewe usiku wa manane bei ikiwa chini na kupokezana barua. Haya yote yasingewezekana bila modemu inayojipigia (swali la 4).

## Huku kwetu

17. Zilifika Afrika Mashariki?

Wakati wake, kwa mtu wa kawaida, naweza kusema hapana. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Mwaka 1977, kadi ya 80-103A ikizaliwa Atlanta, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na shirika la pamoja la posta na simu linagawanywa. Kupata laini ya simu nyumbani kulikuwa jambo la kungoja miaka na kujuana na mtu.

Zilizofika ni za kizazi kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na kituo cha FidoNet kilichohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali, barua zikisafiri kwa simu ya kimataifa hadi London kwa makundi ili kupunguza dakika. Modemu zilikuwa za kasi kubwa zaidi, lakini ziliamriwa kwa AT ile ile.

Na bado tunayo. Zile modemu za USB za laini za simu za mkononi, zilizojaa madukani miaka ya 2000 ikielekea mwisho, ukifungua mipangilio yake ulikuta namba ya kupiga *99#. Kompyuta ilikuwa inaiandikia ATD*99# kama vile inapiga simu ya Chicago. Vijana wanaocheza na moduli ndogo ya simu ya mkononi, SIM800L, kutuma ujumbe wa maji yaliyojaa kwenye tangi wanaandika AT, wanangoja OK, kisha AT+CMGS. Hata ile ya kutambua kasi kwa herufi A (swali la 10) imo. Wengi wanadhani ni lugha ya Wachina waliotengeneza moduli.

## Ukiipata leo

18. Nimenunua Smartmodem mtandaoni. Niichomeke tu?

Ngoja! Adapta yake ya asili ni ya umeme wa volti 120 wa Marekani. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia harufu kabla hujaona taa. Pia adapta hiyo inatoa mkondo geu, AC, tofauti na adapta nyingi ulizonazo ndani zinazotoa DC. Soma maandishi yaliyo chini ya kisanduku na utafute inayolingana kwa volti na kwa aina ya mkondo.

Kisha kebo. Kati ya kompyuta na modemu inatakiwa ile iliyonyooka, pini 2 kwa 2, 3 kwa 3, 7 kwa 7. Ile ya kupishanisha, ya kuunganisha kompyuta mbili, haifai. Ikiwa inawaka lakini inakata kila unapopiga, huenda kompyuta yako haitumi umeme kwenye pini 20. Ng'oa bamba la mbele taratibu, utaona safu ya swichi ndogo ndogo. Ya kwanza ndiyo inayoiambia modemu iidharau pini hiyo.

19. Sina laini ya simu ya mezani. Nitaijaribuje?

Unahitaji modemu mbili, waya wa simu, betri ya volti 9 na rezista ya omu 330 hivi. Betri na rezista vinakaa mfululizo kwenye waya mmoja kati ya modemu hizo, ili kuwe na mkondo kidogo kama ule unaoletwa na kituo cha simu. Upande mmoja andika ATD bila namba, upande wa pili ATA. Utasikia mluzi, kisha CONNECT. Usijaribu kuiga mlio wa kuita: kwenye laini halisi huwa na volti karibu 90, na anayeshika waya wakati simu inaita hasahau.

20. Naweza kuipitisha kwenye simu ya mkononi au simu ya intaneti?

Simu ya mkononi, hapana. Mtandao wake unabana sauti kwa kukisia koo la binadamu, na mluzi wa modemu hauna koo. Simu ya intaneti inawezekana kama imepangwa kutumia G.711, isiyobana sauti. Hapo ndipo biti 300 inapowashinda wadogo zake: modemu za kasi kubwa hukwama kwa kuchelewa kidogo tu kwa sauti, Bell 103 hata haishtuki.

21. Modemu yangu ni ya Ulaya. Itaongea na ya Hayes?

Angalia kama imeandikwa V.21. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya biti 300 na kasi ni moja, ila toni ni tofauti: 980 na 1,180 upande mmoja, 1,650 na 1,850 upande wa pili. Mbili hizo zitapigiana miluzi na hazitaelewana. Modemu za baadaye nyingi zinajua zote mbili. Jaribu ATB1 kwa ile ya Bell.

22. Zile modemu mpya za Wi-Fi za kompyuta za kale zina maana?

Zina maana sana kama una kompyuta na huna modemu. Ni chipu ya ESP8266 pamoja na kigeuzi cha volti za RS-232, ikijifanya Smartmodem. Badala ya namba unaandika ATDT na anwani ya mtandaoni, inajibu CONNECT, na unafika kwenye ubao wa matangazo unaoendeshwa na mtu mahali fulani. Kompyuta ya 1979 haijui tofauti. Ipangie biti 300 angalau mara moja.

23. Nimepata 80-103A lakini sina mashine ya S-100.

Usitafute njia ya kuichomeka kwenye kingine, haipo ya maana. Kadi hii haijui AT. Inaongozwa na programu moja kwa moja kupitia milango ya kompyuta, kwa hiyo hata ukiipatia umeme itakaa kimya. Kampuni yenyewe haipo tena: iliomba kinga ya mufilisi mwaka 1994, ikaanguka tena 1998, na jina likanunuliwa na Zoom Telephonics, watengenezaji wa modemu. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli, usiifute kwa kitambaa cha nailoni, na uwaulize wenye IMSAI kabla ya kuiuza kama chuma chakavu.